Ayoni za Kasi: Kawi ya Muungano wa Viini kwa Wakazi wa Garsen na Tana River

Neno nyuklia si geni Tana River. Mwaka 2020 wakala wa serikali unaoshughulikia kawi hiyo, NuPEA, uliitaja kaunti hii kuwa mahali panapofaa kujengwa kinu cha kwanza cha nyuklia nchini. Baadaye mpango ukaelekezwa Uyombo, Kilifi, ambako wakazi waliupinga waziwazi mwaka 2024, kisha macho yakageukia Siaya. Katika mabaraza mengi mambo mawili tofauti kabisa yamekuwa yakichanganywa, na ndiyo sababu ya kijitabu hiki.

Kinu kilichozungumziwa ni cha mpasuko: kiini kizito cha urani hupasuka vipande na kutoa joto. Muungano ni kinyume chake. Viini vyepesi vya haidrojeni hushikamana, vikawa heli, na joto likatoka. Hakuna anayepanga kuleta mtambo wa muungano Garsen, wala hakuna mtambo wa aina hiyo popote duniani unaouza stima, hata yuniti moja. Lakini mkazi anayeijua tofauti hii hatatishwa kwa neno moja, wala hatalaghaiwa kwalo.

Sehemu moja ya mafuta ya muungano imo hata katika maji ya Tana. Kila mita moja ya ujazo ya maji ina zaidi ya gramu 30 za deuteri, haidrojeni nzito. Mwenzake, triti, ni adimu na hutengenezwa kutokana na madini ya lithi.

Kwa nini basi ni vigumu? Viini vyote vina chaji chanya, kwa hiyo husukumana. Ili vigongane na kushikamana ni lazima viende kwa kasi kubwa sana, na hilo lahitaji joto la nyuzi milioni 100 na zaidi. Katika joto hilo gesi huwa plazima: elektroni zimebanduka, viini vimebaki ayoni tupu. Hakuna sufuria wala ukuta wa kuishika. Hushikwa na uga wa sumaku ndani ya chombo cha mviringo kilicho wazi katikati, kiitwacho tokamaki. Mkondo wa umeme unaopita ndani ya plazima huipasha, lakini plazima ikizidi kuwa moto ukinzani wake hupungua, na mkondo huo hautoshi tena. Hapo ndipo zinapohitajika njia mbili nyingine.

Ya kwanza ni miale ya chembe. Ayoni za deuteri huongezewa kasi nje ya chombo, kisha hupitishwa kwenye gesi ili zirudishiwe elektroni. Zikiwa hazina chaji, sumaku haiwezi kuzipinda. Zinapenya hadi ndani, na humo hugeuka ayoni tena na kunaswa. Katika mtambo wa JET uliokuwa Culham, Uingereza, chembe hizo ziliingia kwa kasi ya takriban kilomita 3,000 kwa sekunde. Umbali wote wa Mto Tana, kutoka milimani hadi baharini, zingeumaliza kwa theluthi moja ya sekunde.

Njia ya pili ni mawimbi ya redio. Ndani ya uga wa sumaku wa tesla 3.4, ayoni ya deuteri huzunguka takriban mara milioni 26 kwa sekunde. Antena iliyo ukutani hutoa mawimbi ya makumi kadhaa ya megahezi, chini kidogo ya masafa ya FM tunayosikiliza nyumbani. Mtoto akibembea chini ya mwembe, anayemsukuma hahitaji nguvu nyingi, mradi asukume kwa wakati wake kila bembea inaporudi. Ayoni nayo husukumwa kidogo kila mzunguko, ikazidi kuchapuka.

Uzuri wa kazi hii uko pale njia hizi mbili zinapounganishwa. Wimbi la redio halinyonywi vizuri na ayoni zilizo nyingi. Huzipendelea zilizo chache. Ayoni za miale ni chache, na kwa kuwa tayari zina kasi, huliona wimbi kwa masafa yaliyosogea kidogo. Kwa hiyo hukutana nalo mahali ambapo wenzao waliotulia hawakutani nalo. JET ilichanganya deuteri na heli-3 kwa vipimo vilivyofanya wimbi liwe na nguvu mahali hapohapo, na nishati ya kila ayoni ya miale ikapanda kutoka takriban kiloelektroni-volti 100 hadi kupita 1,000.

Faida yake ni nini? Deuteri na triti vikiungana, kiini cha heli huzaliwa kikiwa na nishati ya kiloelektroni-volti 3,500. Mtambo wa baadaye utategemea viini hivyo vibaki ndani na kuipasha plazima yenyewe. Vikipotea, moto hufifia na ukuta huumia. Ayoni zilizochapushwa kwa miale na redio huwawezesha wanafizikia kuuchunguza mwenendo huo bila kutumia triti: zinakaa muda gani, na ni mitikisiko ipi ya plazima inayozifukuza.

Kuhusu hatari, ukweli usemwe wote. Joto likikatika, muungano hukoma wenyewe. Hauwezi kuendelea bila kudhibitiwa. Hata hivyo triti ina mnururisho, nusu yake huisha kwa takriban miaka 12, na nyutroni zinazotoka huufanya hata chuma cha mtambo kiwe na mnururisho. Asemaye kwamba muungano hauna taka yoyote anakosea.

Oktoba 2023, miezi michache kabla ya kufungwa, JET ilitoa megajuli 69 kwa miligramu 0.2 za mafuta. Hizo ni sawa na yuniti 19 kwenye mita ya tokeni, tena ni za joto, si za stima. Katika jaribio lake kubwa la mwaka 2021, joto lililomiminwa ndani ya plazima lilikuwa karibu mara tatu ya lililotoka. Mtu akisimama Hola au Garsen kuahidi kawi ya muungano, kwanza aulizwe hesabu hiyo ya kuingia na kutoka, kisha aulizwe ayoni zake za kasi zilikaa ndani kwa muda gani.