Fuata Muhuri: Namna ya Kukagua Ombi la Hataza la Kuoanisha Saa Hewani

Ukikabidhiwa ombi la hataza linalohusu kuoanisha saa za mitambo kupitia Wi-Fi au 5G, usikimbilie hifadhidata. Anza na karatasi tupu na kalamu. Chora kila kifaa kinachotajwa katika dai la kwanza, kisha weka alama kila mahali dai linaposema wakati unasomwa, unaandikwa au unapokewa. Kando ya kila alama jibu maswali matatu. Hii ni saa ya nani? Imesomewa wapi hasa: kwenye antena, ndani ya chipu ya redio, au juu kabisa kwenye programu? Na namba hiyo imebebwa na ujumbe gani hadi ilipotumika?

Huo ndio muhuri wa wakati, na uvumbuzi wote wa fani hii hukaa palepale muhuri unapogongwa au njiani unapopita. Ombi la kurasa sitini, ukilichora hivi, hubaki na alama tano au sita. Ukishindwa kuichora moja kwa sababu dai halisemi saa ni ya nani, tayari umepata hoja ya kwanza ya barua yako: dai haliko wazi.

Kabla ya kuendelea, tenganisha makosa mawili ya saa. Wengi wetu tunaosema Kiswahili tumekua nayo: tunasema saa mbili asubuhi huku simu ikionyesha 8:00, na hatuchanganyikiwi, kwa kuwa tofauti ya saa sita haibadiliki. Saa inayotesa ni ile inayokwenda mbio, maana leo imetangulia dakika moja na kesho mbili. Katika mitambo ni vivyo hivyo. Kuna tofauti ya kusoma, na kuna tofauti ya mwendo. Fuwele inayokosea sehemu 10 katika milioni hupotea mikrosekunde 10 kila sekunde, kwa hiyo hata ukiirekebisha sasa hivi, baada ya sehemu ya kumi ya sekunde imeshakosea mikrosekunde nzima. Mkaguzi asiyetenganisha haya mawili atatumia waraka unaorekebisha mwendo kulipinga dai linalorekebisha usomaji, na mwombaji atamjibu kwa aya moja tu.

Jambo la pili la kulishika vizuri ni hesabu ya kwenda na kurudi, kwa sababu iko chini ya karibu kila ombi. Kifaa A kinatuma ujumbe na kuandika t1. B anaupokea na kuandika t2, anajibu saa t3, na A anapokea saa t4. Kwa namba hizo nne unapata muda wa safari na tofauti ya saa. Itifaki ya NTP inafanya hivyo tangu miaka ya 1980, na kiwango cha IEEE 1588, kilichotoka 2002 na kurekebishwa 2008 na 2019, kina utaratibu huohuo kwa usahihi mkubwa zaidi. Lakini hesabu hii ina sharti: safari ya kwenda iwe sawa na ya kurudi. Ikiwa kwenda ni milisekunde 3 na kurudi ni 5, saa itakosewa kwa milisekunde 1 nzima, nusu ya tofauti, na hakuna wastani utakaoliondoa kosa hilo.

Kwenye waya ndani ya kiwanda sharti hilo hutimia kwa urahisi. Hewani halitimii. Ujumbe husubiri zamu ya redio, hupotea, hurudiwa. Kwa hiyo ombi likisema tu "tunatuma ujumbe wa IEEE 1588 kupitia redio", tafuta ukurasa unaoeleza usawa wa safari unatoka wapi. Kama haupo, ombi halijatatua tatizo lenyewe.

Sasa, mtego ambao vijana wengi huingia ni kudhani kwamba kila kitu chenye 5G ni kipya. Watafiti wa mitandao ya vihisi walipambana na jambo hili zamani. Mwaka 2002 Elson, Girod na Estrin walitoa njia iitwayo RBS: wapokeaji wawili wanasikia tangazo moja, kila mmoja anaandika alilisikia lini, kisha wanalinganisha, na mashaka yote ya upande wa mtumaji yanatoweka. TPSN ya 2003 iligonga muhuri chini kabisa, karibu na redio. FTSP ya 2004 iligonga mihuri kadhaa ndani ya ujumbe mmoja na kutumia mstari wa wastani kurekebisha mwendo. Ukikutana na dai la leo ambalo sifa yake pekee ni kwamba muhuri unagongwa karibu na antena, nyaraka hizi zina zaidi ya miaka ishirini. Kwa upande wa Wi-Fi, kiwango cha IEEE 802.1AS cha 2011 tayari kilieleza namna ya kupitisha wakati juu ya 802.11. Kisome, na ukisome hadi viambatisho, kwa kuwa huko ndiko mambo mengi yanakojificha.

Nichukue mfano mmoja tuukague pamoja. Tuseme ombi la 2021 linadai hivi: ujumbe wa saa unaingia kwenye mtandao wa 5G, mahali pa kuingilia panaandikwa wakati kwa saa ya 5G, mahali pa kutokea panaandikwa tena, tofauti yake, yaani muda ambao ujumbe umekaa ndani, inaongezwa kwenye sehemu ya masahihisho ya ujumbe huo. Wazo la kuongeza muda wa kukaa ndani liko katika IEEE 1588 ya 2008, kwa swichi za kawaida. Je, hilo linatosha kulikataa?

Peke yake halitoshi, na hapa ndipo mchoro wako unapokulipa. Swichi ya kawaida ni sanduku moja lenye saa moja. Inapotoa wakati wa kuingia kwenye wakati wa kutoka, inatoa namba mbili za saa ileile. Mtandao wa 5G ni sanduku lililokatwa vipande viwili na hewa ikapita katikati. Upande mmoja kuna kitafsiri kiitwacho NW-TT, upande wa kifaa kuna DS-TT, na kila kimoja kina saa yake. Kutoa namba moja kwenye nyingine kuna maana ikiwa tu saa hizo mbili zimeshaoanishwa kwa njia nyingine. Hiyo ndiyo tofauti ya kweli, na mwombaji mwenye wakili mzuri ataisema. Bahati ni kwamba 3GPP, waandishi wa viwango vya 5G, waliijadili katika ripoti TR 23.734, na mpango mzima, vitafsiri vyote viwili pamoja na mihuri yao, uko katika Toleo la 16 la TS 23.501, kifungu cha 5.27. Dai letu la 2021 halina upya. Ila umelikataa kwa waraka unaolingana nalo kipande kwa kipande, badala ya waraka wa swichi unaofanana nalo kwa mbali.

Nenda sasa kwenye madai tegemezi, ambako mara nyingi ndiko mali ilikolala. Kifaa kinajuaje wakati wa 5G? Mnara unautangaza, katika Toleo la 16 kwa hatua za nanosekunde 10. Lakini redio huenda sentimita 30 kwa nanosekunde moja, hivyo kifaa kilicho mita 300 kutoka mnarani kinausikia wakati huo ukiwa umechelewa mikrosekunde moja. Sharti la 3GPP kwa kazi ngumu za kiwandani ni kwamba mfumo mzima wa 5G usikosee zaidi ya nanosekunde 900. Na saa kuu, ile ambayo mitambo yote huifuata, ikiwa nyuma ya kifaa kingine cha redio, wakati unavuka hewa mara mbili, na kila mvuko unabaki na chini ya nusu ya posho hiyo.

Tuseme dai la 4 linasema kifaa hufidia ucheleweshaji kwa kutumia amri ambayo mnara humpa kila mtumaji ili aanze kutuma mapema kidogo. Amri hiyo ipo tangu enzi za GSM, na nusu yake ni makadirio ya safari ya upande mmoja. Wazo ni la zamani. Lakini dai la 5 linasema fidia isifanywe kifaa kikiwa karibu. Usilipite. Kwa nafasi ya masafa ya kilohezi 15, hatua moja ya amri hiyo ni mikrosekunde 0.52, na nusu yake nanosekunde 260. Kifaa kilicho mita 30 kina kosa la nanosekunde 100 tu. Kipimo chenyewe kinaweza kukosea zaidi ya kosa linaloondolewa. Kwa hiyo dai la 5 lina sababu ya kiufundi, na swali la hatua ya uvumbuzi linaanzia hapo: je, kuna aliyekwisha kuisema sababu hiyo? Jibu litafute katika michango ya vikundi vya redio vya 3GPP.

Kwa utafutaji wenyewe, anzia na madaraja ya CPC kabla ya maneno, kwa kuwa kila kampuni ina jina lake kwa kitu kilekile. H04W 56/00 ni uoanishaji katika mitandao ya redio. H04J 3/0667 ni mihuri ya kwenda na kurudi, na H04J 3/0673 ni vituo vya katikati vinavyobadilisha muhuri. Pitia yote mawili ya J hata kama ombi limewekwa kwenye W peke yake.

Kisha tarehe. Mchango wa 3GPP huwekwa kwenye seva ya umma, kwa kawaida kabla ya mkutano wenyewe, na mara nyingi miezi kadhaa kabla ya kiwango kutoka. Tarehe unayoitaka ni ya siku faili lilipopandishwa. Rasimu za IEEE 802.1 zichunguze zaidi, kwani baadhi hufungwa kwa nywila, na waraka uliofungwa hauwezi kuhesabiwa wa umma bila maelezo. Ombi linalofika Nairobi au kwa ARIPO Harare kupitia PCT huja na ripoti ya utafutaji. Isome, lakini hakikisha madai hayajabadilishwa tangu iandikwe, na ukiona herufi P kando ya waraka, yaani ulitoka baada ya ombi la kwanza ambalo tarehe yake inadaiwa lakini kabla ya ombi hili, fungua ombi hilo la kwanza mwenyewe: ikiwa sifa unayoikagua haimo humo, waraka huo wa P unaweza kutumika dhidi ya ombi.

Kuhusu hesabu: mwombaji atakayeleta kichujio cha kukadiria saa, bila kusema matokeo yanafanya nini, amedai hesabu. Akisema matokeo hayo yanarekebisha fuwele au yanapanga dirisha la kutuma pakiti, amefika kwenye ufundi.

Katika barua, nukuu kifungu na aya, usitaje tu namba ya kiwango chenye mamia ya kurasa. Na pale ambapo maelezo yanasema muhuri unagongwa ndani ya chipu ya redio huku dai likisema tu "kifaa kinaandika wakati", mwambie mwombaji ukurasa na mstari ambako sifa hiyo iko, ili ajue anaweza kuiingiza kwenye dai bila kuongeza jambo ambalo hakuliwasilisha tangu mwanzo.