Samaki wa chini na udongo wa mashamba yetu



Wakati wa mvua, tukisimama ku mulima upande wa Uvira ao wa Fizi, tunaona mito midogo inaingia ziwani ikiwa myekundu. Rangi ile ni udongo wa mashamba. Mara nyingi tunasema: "Udongo umeenda na maji, basi." Katika somo hili tutaufwata udongo ule mpaka mwisho wa safari, tuone unaangukia nani.

1. Samaki wa chini ni wa namna gani?

Kuko samaki wanaotembea katikati ya maji, sawa ndagala na mukeke. Maji ya pwani yakichafuka, wao wanaenda mbali. Lakini kuko wengine wanaoishi chini kabisa, ku muchanga, ku matope ao katikati ya mawe. Wanakula pale, wanazaa pale, wanajificha pale. Mwili wao umetengenezwa kwa maisha ya chini.

Mufano wa kuonyesha jambo hili wazi uko ku bahari. Muto Kongo unaingia ku bahari ya Atlantiki karibu na Moanda. Katika bahari ile, tangu Ulaya mpaka Angola, kunaishi samaki mumoja mwekundu ambaye Wafaransa wanamuita malarmat. Mwili wake wote umevaa vibamba vya mufupa vyenye miiba, sawa askari wa zamani aliyevaa chuma. Mbele ya pua ana pembe mbili. Chini ya mdomo ana ndevu, na kwa ndevu zile anapapasa matope akitafuta vinyama vidogo vya kula. Ku mapezi yake ya mbele, mishipa miwili ya kila upande imeachana na pezi na kuwa sawa vidole. Anaitumia kwa kugusa na kutembea chini. Ndugu zake wa jamii moja wako katika bahari za joto za dunia, wengi wao metre mia moja chini ya maji na zaidi, pahali kuko giza.

Ngao, ndevu, vidole: vyote ni vya kusaidia chini. Ndiyo maana tunasema, ukiharibu chini, umeharibu nyumba na sahani ya samaki wa namna hii kwa mara moja.

2. Chini ya ziwa letu

Tanganyika ina urefu wa metre 1.470 kwenda chini, lakini samaki hawaishi mpaka kule. Hewa ya kupumua inafika karibu metre 100 tu upande wa kaskazini, na karibu metre 200 upande wa kusini. Chini ya pale maji ni mengi, lakini samaki hawezi kupumua. Kwa hiyo samaki wa chini wana mustari mwembamba tu kandokando ya pwani. Ni sawa sahani kubwa yenye chakula ku ukingo peke yake. Na ku ukingo ule ndipo udongo wetu unaangukia.

Tuangalie watatu wanaoishi pale:

– Kuhe, samaki mukubwa munayemujua wote. Baba na mama wanachunga mayai na watoto wao pamoja, chini.

– Samaki wadogo wanaozalia ndani ya makoa matupu ya konokono. Kwa aina moja, dume anabeba makoa kwa mdomo na kuyakusanya pamoja. Jike, aliye mudogo sana kuliko dume, anaingia ndani ya koa, anataga na kuchunga mayai.

– Samaki wa mawe, wanaokwangua utelezi wa kijani ulioota ku mawe. Utelezi ule ni shamba lao.

3. Udongo unawafanyia nini?

Udongo ukishuka unafunika utelezi wa kijani, na maji machafu yanazuia jua ambalo linauotesha. Unaziba nafasi katikati ya mawe, pahali samaki wadogo wanajificha. Unazika makoa. Watafiti waliochunguza kaskazini ya ziwa katika miaka ya 1990 walilinganisha pwani zenye milima iliyokatwa miti na zile zenye pori. Pahali udongo mwingi umeingia, waliona aina za samaki na za vinyama vingine zimepunguka.

Jambo lingine: maji ya ziwa yanatoka kwa muto mumoja tu, Lukuga, kule Kalemie. Maji mengi yanapandishwa na jua. Udongo haupandi na jua. Ukiisha kuingia na kutulia chini, unabaki.

Hatusemi kosa ni la walimaji peke yao. Nyavu zinazokokotwa chini mpaka pwani zinaharibu pia makao na mayai. Kila upande uko na kazi yake.

4. Tufanye nini ku mulima?

Mulimaji mwenye shamba dogo atatuuliza: "Munaniomba mustari wa shamba langu juu ya samaki ya mutu mwingine?" Ulizo ni la haki. Jibu letu: kwanza ni juu ya mihogo yako. Udongo unaoenda ni ule wa juu, mweusi, wenye mbolea. Unapotea mara mbili: ku shamba lako, na ku soko unaponunua samaki kwa bei kali.

Kwa kuanza:

– Tengeneza kipimo cha A: miti miwili ya metre 2, mumoja mufupi wa kuiunga katikati, na kamba yenye jiwe kutoka juu. Simamisha, tia alama pahali kamba inapita ku muti mufupi. Geuza miguu pale pale, tia alama ya pili. Katikati ya alama mbili ndiyo usawa.

– Fwata usawa ule ukichimba mufereji wa kukata mulima. Shamba likiinama sana, mifereji ikaribiane.

– Ku ukingo wa mufereji panda setaria, tripsakum ao kaliandra. Majani yale ni chakula cha mbuzi na ng'ombe.

– Lima ukikata mulima, si kutoka juu kwenda chini. Usichome majani.

– Kando ya muto, acha nafasi bila kulima.

Mufereji wa mutu mumoja haufiki mbali, kwani maji ya jirani wa juu yataupasua. Hii ni kazi ya koperative nzima.

Maulizo ya kuzungumuza katika kundi

1. Muto gani wa kwetu unakuwa mwekundu wa kwanza mvua ikinyesha? Unapita katika mashamba ya nani?

2. Wazee wavuvi wanakumbuka samaki gani wa pwani ambao hatuwaoni tena?

3. Walimaji wa juu na wavuvi wa chini wanaweza kukutana siku gani, mbele ya mvua kuanza?