Somo la Juma: Panzi Asiyeweza Kuruka Mbali

Tusome Hesabu 13:30-33.

Wapendwa katika Bwana, wale wapelelezi walijiona kama mapanzi, yaani wadogo wasio na nguvu. Leo tumtazame panzi mmoja wa kweli.

Anaishi kusini mwa Ufaransa, katika uwanda wa Crau, na hapatikani mahali pengine duniani. Zamani mto Durance ulipita hapo ukaacha mawe tele. Katikati ya mawe huota majani mafupi, na kondoo wamelisha humo zaidi ya miaka 2000. Panzi huyu ana rangi ya jiwe. Mabawa yake ni mafupi mno, hayamwinui. Akiona hatari hutulia tu, mawe yamfiche. Mayai hukaa udongoni wakati wote wa baridi, watoto hutoka Aprili, na katikati ya mwaka wazazi hufa. Nyuma ya kondoo hufuata yangeyange (hao tunawafahamu!), nao humla.

Lakini adui mkubwa ni jembe. Sehemu kubwa ya uwanda imelimwa, ikajengwa viwanda na maghala. Iliyobaki ilianza kulindwa kama hifadhi mwaka 2001. Sisi vita vilipokuja tulibeba watoto tukatembea. Yeye shamba likifika hana njia. Kwa hiyo wataalamu humzalisha vizimbani, kisha humrudisha uwandani kwa mikono yao.

Maswali ya nyumbani: Kalebu aliona nini katika nchi ile ile? Na mtaani kwetu, ni nani asingeweza kukimbia bila kubebwa?