Je, gharika ni adhabu ya Mungu?

SWALI: Mchungaji, kimbunga Harvey cha 2017 kiliizamisha nyumba yetu hapa Houston. Muumini mwenzangu akasema ni dhambi zetu. Mungu mwema anaruhusuje haya?

JIBU: Mwenzako amekosea. Mnara wa Siloamu ulipowaua watu 18, Yesu alikataa katakata kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine (Luka 13). Tena, tusimsingizie Mungu: mabwawa ya Addicks na Barker hapa Houston yalipofurika, maji yaliizamisha mitaa ambayo watu waliruhusu ijengwe kwenye eneo la kukusanyia mafuriko. Mungu ametuachia uhuru wa kuamua, hata vibaya. Na mvua yenyewe? Hapo sina jibu; hata Ayubu wa Biblia, alipoteseka, hakuelezwa sababu. Mungu alimtokea, akawakemea rafiki zake waliomlaumu. Mlilie Mungu bila aibu, dada yangu.