Kupima Mapafu na Kuacha Sigara Viende Pamoja



Wazee wengi waliovuta tumbaku kwa miaka 30 au 40 hufika hospitali kwa sababu ya kikohozi. Wanaomba kupigwa picha ya kifua. Majibu yakiwa mazuri, mzee anafurahi, anatoka nje ya geti na kuwasha sigara. Huyo amepima, lakini bado hajajikinga. Mwezi huu tujifunze kwa nini kupima mapafu na kuacha sigara ni kazi moja.

Moshi unafanya nini?

Ndani ya njia za hewa kuna vinyweleo vidogo sana vinavyofagia vumbi na makohozi. Moshi wa tumbaku huviua. Uchafu unabaki ndani, na mtu anakohoa kila asubuhi. Polepole mapafu yanachakaa, na kupanda mlima mdogo tu kunamfanya aheme. Mvutaji pia ana hatari ya kupata kifua kikuu karibu mara mbili ya asiyevuta. Juu ya hayo iko saratani ya mapafu. Tangu mwaka 1950 watafiti Richard Doll na Austin Bradford Hill wa Uingereza walionyesha wazi kwamba sigara na saratani hiyo vina uhusiano.

Saratani ya mapafu hukua kimya. Mara nyingi mtu anapoanza kukohoa damu na kukonda, imekwisha kuenea.

Kipimo kinaweza nini?

Huko Marekani watu zaidi ya 53,000 waliovuta sana kwa miaka mingi walipimwa mara moja kila mwaka kwa miaka mitatu. Nusu walipigwa picha ya CT yenye mionzi kidogo, nusu picha ya kawaida ya kifua. Matokeo yalitolewa mwaka 2011. Vifo vya saratani ya mapafu vilipungua kwa asilimia 20 kwa wale wa CT.

Lakini sikilizeni jambo la pili. Mwaka 2016 wataalamu walichunguza tena kumbukumbu za watu hao hao. Waliona kwamba aliyeacha sigara kwa miaka saba alipunguza hatari ya kufa kwa saratani hiyo kwa kiasi karibu sawa na faida ya kipimo cha CT. Waliopima na pia kuacha kwa miaka 15 walipata faida kubwa zaidi, asilimia 38. Kipimo hutafuta ugonjwa uliokwisha kuingia, na kuacha sigara huuzuia usiingie.

Kipimo kina mipaka pia. Katika uchunguzi ule, kati ya picha 100 za CT zilizoonyesha kitu cha kutiliwa shaka, takriban 96 hazikuwa saratani. Kwa hiyo usishtuke ukiitwa kwa uchunguzi zaidi.

Hapa kwetu je?

Tanzania haina mpango wa taifa wa kuwaita wavutaji wote kwenye CT. Mashine hizo ziko katika hospitali kubwa za rufaa, na mganga humpeleka huko mwenye dalili. Tulicho nacho karibu ni kupimwa makohozi na picha ya kawaida ya kifua. Picha hiyo husaidia sana, lakini saratani ndogo inaweza kujificha. Basi usiseme, "Picha yangu ni safi, naweza kuendelea kuvuta."

Jihesabu hivi. Pakiti moja ya sigara 20 kila siku kwa mwaka mzima ni "mwaka wa pakiti" mmoja. Anayenunua moja moja na kuvuta 10 kwa siku kwa miaka 40, amefikisha miaka ya pakiti 20. Huko Marekani, mwenye umri wa miaka 50 hadi 80 aliyefikia hesabu hiyo, na bado anavuta au ameacha katika miaka 15 iliyopita, hushauriwa kupima. Ukifika hapo, mweleze mganga wako.

Nenda hospitali bila kungoja ukiwa na:
1. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, au kilichobadilika.
2. Damu katika makohozi.
3. Kukonda, homa au jasho la usiku.
4. Maumivu ya kifua au kuhema.

Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure.

Siku ya kupima iwe siku ya kuanza

Mjini Leeds, Uingereza, mwaka 2019 mshauri wa kuacha sigara aliwekwa ndani ya gari lile lile la kupimia mapafu. Wavutaji wengi sana walikubali kuketi naye siku hiyo hiyo. Sisi hatuna gari hilo, lakini maneno ya dakika tatu tunayo:

"Shikamoo baba. Bado unavuta?"
"Marahaba mwanangu. Navuta, hasa nikienda kilabuni kunywa ulanzi. Na baridi hii ya kwetu!"
"Baba, tumbaku hubana mishipa ya damu, vidole vinapoa zaidi. Dawa ya kwanza ya kifua chako ni kuacha. Tuchague siku?"
"Basi iwe Jumatatu."
"Vizuri. Njoo na mama siku ya majibu, tuongee wote."

Namna ya kuacha

Chagua siku, uwaambie wa nyumbani. Tupa sigara, kiberiti na kiko. Siku tatu za kwanza ni ngumu: hasira, usingizi mbaya, hamu kubwa. Hamu ikija, kunywa maji, tembea, ngoja dakika chache, itapita. Kwa wiki za mwanzo kaa mbali na kilabu. Usihamie kwenye ugoro wala shisha. Ugoro huleta saratani ya kinywa. Ukianguka, anza tena. Wengi hufaulu baada ya kujaribu mara kadhaa.

Nanyi wa nyumbani, msimkejeli mzee wala kumtuma mtoto dukani kumnunulia sigara. Msifuni kila siku aliyoshinda.

Hakuna aliyechelewa. Waganga wa Uingereza waliofuatiliwa kwa miaka 50 walionyesha hivi: anayeacha akiwa na miaka 60 huongeza kama miaka 3 ya kuishi, akiwa na 50 miaka 6, akiwa na 40 miaka 9.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Nani kwetu anavuta, na ana miaka ya pakiti mingapi?
2. Nani atamsindikiza kupima, na wamechagua siku gani ya kuacha?
3. Tutamsaidiaje katika siku tatu za kwanza?