Simu na usukani havipatani

Tuseme dereva wa matatu ameondoka mjini Machakos akielekea Nairobi, gari limejaa. Kabla hajafika Kyumvi, pale barabara inapoungana na ile kuu ya Mombasa, simu yake inalia. Ni ujumbe wa pesa zilizoingia. Anausoma wote, kisha anarudisha macho barabarani. Hakuna lililotokea. Abiria wanaendelea kusinzia.

Je, msomaji, gari hilo limekwenda umbali gani bila dereva? Tufanye hesabu. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ambao ndio upeo wa matatu kisheria, gari hukata mita 22 kila sekunde. Akisoma kwa sekunde tano, amekwenda mita 111 kama mtu aliyefumba macho. Huo ni umbali unaozidi urefu wa viwanja vingi vya kandanda. Ndani yake mna nafasi ya kutosha kwa mtoto wa shule anayevuka, punda waliobeba mitungi ya maji, au lori lililoharibika likasimama bila taa.

Kosa si la mkono tu

Wengi hudhani hatari ni kushika simu. Kwa hivyo wengine huiweka kwenye spika, na waendeshaji bodaboda huichomeka ndani ya helmeti. Mkono umerudi mahali pake, lakini akili haijarudi. Kuendesha gari huhitaji vitu vitatu kwa pamoja: macho, mikono na akili. Dereva anayezozana na mtu kuhusu deni, au anayepewa habari za mgonjwa, anaweza kutazama mbele asione. Ubongo ulioshughulishwa na maneno huchelewa kuitambua hatari, na mguu nao huchelewa kufika kwenye breki.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa dereva anayetumia simu huwa katika hatari ya kupata ajali takriban mara nne zaidi ya asiyeitumia. Laeleza pia kuwa simu isiyoshikwa mkononi haina nafuu kubwa.

Huenda ukauliza: mbona kuzungumza na abiria si hatari vivyo hivyo? Abiria aliye kando ya dereva anaiona barabara. Lori likiyumba mbele yao, hunyamaza au hupiga kelele ya kuonya. Anayepiga simu kutoka Kitui au Mombasa haoni lolote. Huendelea kudai jibu.

Kanuni za mwaka wa 2016 ziliweka faini ya Sh2,000 kwa dereva anayetumia simu gari likienda. Lakini aliyevunjika uti wa mgongo hana faini awezayo kulipa ili atembee tena.

Mambo ya kuzingatia

1. Kabla ya kuwasha gari, zima simu au iondolee sauti, kisha iweke mahali mkono usipofika.

2. Ikiwa ni lazima ujibu, toka nje ya lami mahali palipo salama, simama, ndipo upige.

3. Mwenye gari, usimpigie dereva wako akiwa safarini. Panga naye muongee akiwa stendi.

4. Abiria, usinyamaze. Mwambie dereva kwa heshima, au mtume utingo. Mkisema pamoja, atasikia. Ukiwa kwenye bodaboda, mwombe asimame kwanza amalize mazungumzo.

5. Unapompigia mtu, swali la kwanza liwe, "Unaendesha?" Akisema ndiyo, kata simu. Habari yako itangoja.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Kwa dereva, kinachoponyoka si simu, ni roho za watu waliomlipa nauli awafikishe nyumbani.