Wingu Likisimama, Nasi Tusimame

Andiko la msingi: Hesabu 9:15–23
Soma pia: 1 Wafalme 19:3–8, Mathayo 4:5–7, Marko 6:30–32

Likizo ya Agosti imekaribia. Kwaya yetu inakwenda mkutano wa injili Mombasa, familia kadhaa zitawapeleka watoto kuona bahari, na wengine mtaelekea magharibi kwa harusi na mazishi. Wiki kama hizi wachungaji tunaletewa funguo za magari tuziombee, na mimi huziombea kwa furaha.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada ya pili, ndugu mmoja alinishuhudia kwamba yeye hutoka hapa Jamhuri hadi Mombasa bila kusimama hata mara moja. "Pastor, nikishapita Machakos Junction naseti kruzi, mguu naupumzisha, ni sifa na kuabudu mpaka Mariakani. Ni imani tu." Waliosimama karibu wakasema Amina. Hiyo Amina ndiyo imenipa kazi wiki hii yote. Je, kutosimama ni imani? Na Neno linasemaje kuhusu mtu anayekwenda mbali?

1. KIFAA KINASHIKA MWENDO, HAKISHIKI NJIA

Kwa wale ambao magari yao hayana, kruzi ni kitufe kinacholiambia gari lishike mwendo uleule, tuseme kilomita 100 kwa saa, bila dereva kukanyaga mafuta. Likifika mlima, lenyewe linaongeza mafuta. Ukigusa breki, linaachia. Magari mengi tunayoagiza kutoka Japani siku hizi yanacho.

Wengi hawajui kwamba kifaa hiki kilibuniwa na mtu asiyeona. Ralph Teetor, mhandisi wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1890, alipofuka akiwa na umri wa miaka mitano baada ya ajali ya kisu. Inasimuliwa kwamba alipokuwa akibebwa kwenye gari na wakili wake, alisumbuka kwa sababu wakili akizungumza gari lilipunguza mwendo, akinyamaza kusikiliza liliongeza. Teetor akatafuta njia ya kuutuliza mwendo huo. Alipata hataza mwaka 1950, na mwaka 1958 kampuni ya Chrysler ikaanza kukiweka kwenye magari yake ya kifahari.

Fikirini hilo. Mtu asiyeona aliweza kutengeneza kifaa cha kushika mwendo, kwa sababu mwendo hauhitaji macho. Njia ndiyo inayohitaji macho! Kruzi ya kawaida haioni lori lililoharibikia barabarani pale Salama. Haioni matuta ya Emali, wala ndovu anayevuka usiku katikati ya Mtito Andei na Voi, mahali ambapo barabara inapita kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Mvua ikinyesha na magurudumu yakaanza kuteleza juu ya maji, yenyewe inaendelea kudai mwendo uleule. Magari mapya zaidi yana rada ya kupima umbali wa gari la mbele, lakini hata hayo yanamtaka dereva awe macho.

Hapa nitoke barabarani kidogo niingie kanisani. Kuna mazoea yanayoshika mwendo wa mtu wa Mungu hata baada ya macho yake kufunga. Unaongoza sifa vizuri kwa sababu umeziongoza miaka 10. Unatoa zaka kwa sababu simu imeshazoea namba ya kanisa. Unasema "Haleluya" mahali pake. Mwendo ni ule ule, hakuna anayegundua. Samsoni naye aliamka mapajani mwa Delila akidhani atajikung'uta kama siku zingine, kumbe Bwana alikuwa ameshamwacha na yeye hajui (Waamuzi 16:20). Mazoea mema ni baraka, yanatubeba siku tukiwa dhaifu. Lakini hayawezi kukesha kwa niaba yako.

2. VITUO NI SEHEMU YA SAFARI

Sasa tuangalie Hesabu 9. Wana wa Israeli walikuwa na safari ndefu kuliko ya yeyote kati yetu, na kiongozi wao alikuwa Mungu mwenyewe. Kama kuna msafara ambao ungeweza kwenda bila kusimama, ni huo. Lakini Mungu aliwaongoza namna gani? Wingu likiinuka juu ya hema, wanaondoka. Wingu likitua, wanapiga kambi. Mara nyingine lilikaa usiku mmoja tu, mara nyingine siku mbili, mara nyingine mwezi, mara nyingine zaidi. Na andiko linarudia tena na tena kwamba kwa amri ya Bwana walisafiri na kwa amri ya Bwana walikaa. Amri ya kukaa ina uzito sawa na amri ya kwenda.

Tena fungueni Hesabu 33. Bwana alimwagiza Musa aandike vituo vya safari ile, na Musa akaviandika kimoja baada ya kingine. Sisi tungeandika tulitumia saa ngapi. Mungu aliandikisha mahali walipopumzika.

Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo niruhusuni nipige hesabu. Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 480. Ukienda 100 kwa saa bila kusimama, ni saa 4 na dakika 48. Ukienda 110, ni saa 4 na dakika 22. Umeokoa dakika 26. Na hiyo ni hesabu ya karatasi tu, maana sote tunajua foleni ya malori kutoka Mlolongo, na kwamba kwa sehemu kubwa ya njia kuna laini moja ya kwenda na moja ya kurudi. Ukisimama mara tatu, kila mara dakika 15, umeongeza dakika 45. Kwa hivyo biashara yote tunayobishania ni ya saa moja na dakika 11. Upande wa pili wa daftari kuna nini? Kuna mke, watoto watatu nyuma, na mtu mwingine anayekuja kutoka Voi ambaye hakuwahi kukuomba umwombee. Hakuna mhasibu anayeweza kuidhinisha biashara hiyo.

Hata majirani zetu wa imani nyingine wameelewa msafiri ni nani. Pale Makindu kuna hekalu la Masingasinga, lililojengwa mwaka 1926, ambapo mpita njia yeyote anapewa chakula na chai bila malipo. Sisi tunaohubiri wema wa Msamaria tusione aibu kujifunza kwamba kumpumzisha msafiri ni huduma.

3. USINGIZI SI PEPO

Hili niliseme polepole, kwa sababu najua sisi ni Wapentekoste. Naamini kuna vita vya kiroho. Naamini kukemea. Lakini kuna vitu ambavyo Mungu hakutuambia tuvikemee. Njaa haikemewi, inaliwa chakula. Na usingizi haukemewi, unalalwa.

Watafiti wa Australia walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi kama mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi zinamkatazia dereva kukivuka. Sasa chukueni Ijumaa yetu. Umeamka saa 12 asubuhi kwenda kazini. Saa 17 zinatimia saa 5 usiku, ukiwa ndio unaingia kesha. Kesha linaisha saa 11 alfajiri, umekaa macho saa 23, halafu unawasha gari kuelekea Kakamega kwa mazishi. Ndugu yangu, hujawahi kuonja pombe tangu uokoke, lakini mwili wako unaendesha kama mlevi. Na jioni ileile unataka kurudi ili Jumapili usikose kwenye zamu ya ushemasi!

Usingizi wa kwenye usukani hauji kwa kupiga hodi. Unakuja kwa sekunde chache tu, macho pengine yakiwa wazi. Kwa kilomita 100 kwa saa, gari linakata karibu mita 28 kila sekunde. Sekunde 4 ni mita 111, zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira, bila dereva. Ukiwa unakanyaga mafuta mwenyewe, mara nyingine mguu hulegea na gari likapunguza mwendo, ukashtuka. Kruzi ikiwa imeshika, mguu ukilegea hakuna kinachobadilika. Gari linakwenda 100 ileile mpaka ligonge kitu. Zaidi ya hayo, kwenye njia ndefu iliyonyooka, mwenye kazi kidogo mikononi na miguuni ndiye anayechoka akili haraka.

Kuna anayesema, "Pastor, tumeshaomba Zaburi 91, malaika watatuchukua." Tuombe Zaburi 91, mimi naiomba. Lakini kumbukeni nani aliyeitumia Zaburi hiyo kumshawishi mtu ajirushe. Ni Shetani, juu ya kinara cha hekalu. Naye Yesu, aliyekuwa na malaika wengi kuliko sisi sote, alikataa, akamjibu kwamba haifai kumjaribu Bwana Mungu. Malaika wamepewa kazi ya kutulinda katika njia zetu. Kuruka kutoka kinarani haikuwa njia ya Yesu, na kuendesha ukiwa umelala si njia yako.

Tena malaika wakija kwa mtu aliyechoka wanafanya nini? Eliya alikimbia mpaka chini ya mretemu, akaomba afe. Malaika hakumkemea wala kumwambia imani yake imepungua. Alimwandalia mkate na maji, akamwacha alale tena, akaja mara ya pili akamlisha tena, kwa sababu safari iliyokuwa mbele ilimzidi nguvu. Ndipo Eliya akatembea siku 40 hadi Horebu. Yesu naye, mitume waliporudi na ripoti nzuri ya huduma, na watu wakiwa wengi hata hawakupata nafasi ya kula, aliwachukua kando wapumzike. Mahitaji hayakuwa yamekwisha. Watu walikuwa bado wanakuja. Bado aliwapumzisha.

4. TUFANYE NINI

Sheria ya Trafiki ya Kenya hairuhusu dereva wa gari la abiria au la biashara aendeshe zaidi ya saa 8 ndani ya saa 24. Kaisari ameona kwamba binadamu huchoka. Kanisa lisiwe la mwisho kuona. Basi, kwa msafiri wa likizo hii:

- Lala usiku kabla ya safari. Dereva wa kesho hakeshi leo. Akija kwenye kesha tutamwombea saa 3 usiku na kumrudisha nyumbani.
- Simama kila baada ya saa 2 kwa angalau dakika 15. Emali, Mtito Andei na Voi zipo kwa ajili yako. Shuka, tembea, kunywa maji.
- Kruzi si dhambi. Itumie mchana, barabara ikiwa kavu, njia ikiwa nyeupe na mwili ukiwa na nguvu. Izime kwenye mvua, usiku, mijini, kwenye miteremko mikali na kwenye msururu wa malori.
- Ukipiga miayo mfululizo, au ukigundua hukumbuki kilomita 5 ulizopita, ondoka barabarani mahali salama ulale dakika 20. Kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio hakumalizi usingizi.
- Mama au kijana uliyeketi kando ya dereva, wewe ni mlinzi. Una ruhusa ya kusema, "Baba, tusimame," na baba asione amedharauliwa.

Kwa upande wa kanisa, safari ya kwaya nimeipanga hivi: tunaondoka Jamhuri saa 12 asubuhi ya Alhamisi, madereva ni wawili, vituo ni vitatu, na hakuna atakayerudi usiku baada ya mkutano. Kuna waliouliza kwa nini tulipe malazi ya usiku mmoja zaidi. Nimewajibu wazee kwamba pesa hizo ndizo nitakazozitetea kwa nguvu kuliko zote katika bajeti ile. Na kwa familia zenye mazishi mbali: tukikuambia ukose zamu Jumapili moja ili ulale ushago na urudi kukiwa mchana, hiyo ni baraka ya mchungaji. Ipokee.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Ni huduma gani unayoifanya sasa kwa mazoea tu, mwendo ukiwa uleule na macho yakiwa yamefunga?
2. Soma Hesabu 9:22. Ni wakati gani ulihisi wingu limetua nawe ukaendelea kutembea? Kwa nini?
3. Kuna tofauti gani kati ya kumwamini Bwana na kumjaribu? Toa mfano wa kazini, wa afya na wa barabarani.
4. Je, katika ushirika wenu kuna mtu anayesafiri peke yake mwezi huu? Nani anaweza kushika usukani pamoja naye?

MAOMBI

Baba, wewe husinzii wala hulali, na sisi tunalala kwa sababu wewe unakesha. Tufundishe kusimama unaposimama. Walinde wote watakaokuwa njiani, wa kwetu na wasio wa kwetu, na uwape madereva unyenyekevu wa kupumzika. Katika jina la Yesu. Amina.